Ndoo Iliyomwita Kemunto

Nyinyi vijana mnaopanga sherehe siku hizi mna spika za kutikisa mabati, mna taa za rangi, mna kundi la wasap la kila kamati, na bado mmekosa kitu kimoja. Hamna woga. Juzi mlinijia hapa kwangu Nyamira mjini, mkakaa kwenye kochi langu, mkanywa chai yangu, mkaniomba niwaambie jinsi ya kupanga maonyesho ya vikundi kwenye karamu ya mwisho wa mwaka ili watu wafurahi. Mlidhani nitawapa orodha ya nyimbo. Mimi nikawauliza, "Ukumbini mtakuwa na wakwe wangapi?" Mkacheka sana. Mlipoondoka nikaona afadhali niyaandike haya kabla hamjamharibia mtu maisha kwa mchezo.

Nilifanya kazi ya ustawi wa wafanyakazi katika kiwanda kimoja cha chai upande wa Gesima mpaka nikastaafu. Kwa karatasi, kazi yangu ilikuwa likizo, matibabu na misiba. Lakini watu waliniita Madam Programu kwa sababu ya Desemba. Kila Desemba kiwanda kilifanya karamu, na kila idara ilileta onyesho lake: madereva, watu wa boila, wasichana wa kuchambua chai, ofisi, walinzi, hata akina mama wakulima wanaotuletea majani. Mimi ndiye niliyeamua nani apande jukwaani, baada ya nani, na ashuke saa ngapi. Mwaka mzima nilikuwa mtu mpole. Kuanzia Novemba hata mume wangu alinisalimia akiwa bado mlangoni, ili ajue kwanza hali ya hewa.

Aliyenifundisha ni Mzee Okello, mtunza stoo wetu, mtu wa upande wa ziwa. Kabla ya kushika funguo za stoo alikuwa amepiga gitaa kwenye bendi za harusi, na alizijua karamu kuliko wapishi. Mwaka wangu wa kwanza nilimpelekea programu niliyoipanga kwa alfabeti, nikijiona mjanja. Aliisoma, akaikunja, akaitia mfukoni.

"Nyathina," aliniambia, maana yake mwanangu, "umewapanga kama mifuko ya mbolea. Hawa ni watu."

Akanionyesha pale pale kwenye kaunta ya stoo. Kikundi kizuri kuliko vyote kisifungue, kwa sababu watu bado wanatafuta viti. Kwaya mbili zisifuatane. Madereva wacheze kabla ya chakula, dereva akishashiba nyama haruki tena. Mwaka mmoja tulimpuuza, madereva wakapanda mabegani mwa wenzao wakiwa wameshiba, na mnara wao ukaporomoka juu ya meza ya keki. Kikubwa zaidi, alinifundisha kuangalia mlima. Gesima mvua hushuka alasiri, na ukumbi wetu ulikuwa ghala la mifuko lenye paa la mabati. Mvua ikianza, maneno hayasikiki. Kwa hiyo michezo ya kuigiza yote iwe mapema, ngoma na nyimbo za sauti kubwa zibaki kwa ajili ya mvua. Nyinyi mnaangalia saa ya simu. Okello alitoka nje, akanusa upepo, akarudi na kusema, "Waite walinzi sasa hivi."

Mengine niliyajua mwenyewe kwa kuzaliwa hapa. Karamu haiwezi kuwa Jumamosi kwa sababu Wasabato wako kanisani. Ikiwa Jumapili, haianzi kabla ya Wakatoliki kutoka misa. Halafu kuna kucheza. Wakatoliki wetu wakiimba hadi viatu vinaimba. Wasabato husimama wima, mikono imeshuka, macho mbele. Kwaya ya akina mama wa kituo cha majani ilikuwa ya Wasabato watupu, ikiongozwa na Kerubo, mama mmoja mpana mwenye sauti ya kuita mtu kutoka ng'ambo ya bonde. Wanaimba vizuri mno, lakini jukwaani walikuwa kama ua wa nguzo. Nilikuwa nikimlalamikia Kerubo kila mwaka.

"Tingisheni basi hata mabega," nilimwambia.

"Madam, mabega ni ya kubeba vikapu," akanijibu.

Nikaamua kuwafanya akiba. Shikeni hili hata kama mtasahau yote: kila sherehe iwe na kikundi kimoja ambacho hakiko kwenye programu, kimevaa tayari, kimekaa nyuma ya pazia, na kinaweza kupanda wakati wowote. Jenereta ikizima, mgeni wa heshima akichelewa, mtu akilewa jukwaani, unatuma akiba. Akiba yangu ilikuwa Kerubo na wenzake. Walikaa juu ya mifuko mitupu nyuma ya turubai na vikapu vyao vya kuchumia, wakila ndizi na kunisema.

Sasa nije kwenye wakwe, maana najua mnangoja mcheke tena. Nyumbani kwenu mmesikia habari ya ensoni, ile haya na heshima kati ya mtu na wakwe zake. Mnaijua kwa juu juu. Mama mkwe hasikii matusi mbele ya mkwewe. Baba mkwe haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa, wala hamgusi mkamwana wake, wala hamtanii. Wakikutana njiani wanasalimiana bila kushikana mikono, na kila mmoja anaangalia upande wake. Mnasema ni mambo ya zamani. Sawa. Mwaka fulani mlinzi wetu mmoja aliigiza mume mlevi, akipepesuka vizuri kabisa, na kumbe mama mkwe wake alikuwa amealikwa pamoja na wakulima, yuko mstari wa mbele. Yule mama alijifunika leso kichwani akatoka. Kijana alibaki jukwaani na chupa mdomoni, hajui ameze au ateme. Ilibidi watu wazima waende kumwombea msamaha, na kwa muda mrefu hakukanyaga kwao. Tangu siku hiyo nilizunguka kila idara kabla ya karamu nikimuuliza kila mchezaji swali moja: ukumbini kuna nani ambaye huwezi kumtazama usoni?

Basi mwaka mmoja tulipata meneja mgeni, mtu mzuri, mchangamfu, hatokani na huku. Akaleta mshereheshaji kutoka Nairobi, kijana anayeitwa Deno, mwenye suruali ya kubana na meno mengi. Nitasema ukweli, alikuwa hodari. Alifika asubuhi, na kufikia mchana alikuwa anajua majina ya wapishi wote.

Kilele cha karamu yetu kilikuwa kila mara harusi ya kuigiza. Bwana harusi, bibi harusi, padri, wazazi, wote wanachaguliwa kwa bahati kutoka idara mbalimbali, wanavishwa, wanacheza bila mazoezi. Raha yake ni kwamba bibi harusi mara nyingi hutoka mwanamume mwenye ndevu. Zamani majina yalitoka kwenye mkebe wangu wa chai, na mkebe huo niliujaza mwenyewe, nikiwaacha nje wale wasioweza kukutana. Mwaka huo meneja alitaka kila mtu awe na nafasi. Deno akabandika nambari chini ya viti vyote, nambari hizo hizo akazitia ndani ya ndoo nyekundu ya plastiki. Nikapinga. Nilimwambia meneja hatutajua ni nani atakuwa na nani.

"Madam, ni mchezo tu," akasema, akanipiga begani kwa upole.

Nikaenda nyuma ya turubai nikameza dawa ya kiungulia.

Lazima niwaeleze hofu yangu ilikuwa na jina. Ilikuwa karamu ya kumuaga Mzee Mogaka, aliyelisha boila kuni tangu mimi nikiwa msichana. Mzee Mogaka alikuwa mjane. Mwanawe mkubwa, Onchari, alikuwa amefariki kwa ajali, na mimi ndiye niliyepanga basi la mazishi. Onchari aliacha mke, Kemunto, aliyekuwa msichana wetu wa kuchambua chai, na mtoto mdogo. Kemunto hakurudi kwao Manga. Alibaki katika nyumba aliyojengewa na mumewe, ndani ya boma la mzee, akachuma majani yake asubuhi na kuja kiwandani mchana. Na kila alfajiri alijaza chupa ya chai na kuiweka kwenye meza ya nje, mbali na mlango wa mzee. Mzee alisikia hatua zake zimeondoka ndipo akatoka kuichukua. Chupa hiyo, ya bluu, ndiyo tuliyoiona mkononi mwake kila siku akiingia boila. Hakuna aliyetunza ensoni kama hao wawili.

Lakini mzee alikuwa na mwana mwingine, Momanyi, dereva wa lori la majani. Momanyi alilitaka lile shamba. Alikuja ofisini kwangu wiki ile ile ya karamu, akakaa bila kukaribishwa.

"Madam, yule shemeji yangu bado kijana. Aende aolewe kwingine. Shamba ni ya ukoo."

"Mzee anasemaje?"

"Mzee hawezi kusema kitu." Akatabasamu. "Na wewe jiulize kwa nini. Mwanaume hana bibi, bibi hana bwana, boma ni moja. Watu wana macho."

Niliona giza kwa hasira. Uchafu huo alikuwa ameshaupanda kila kituo alichopakia majani. Na aliupanda kwa akili, kwa sababu ulimfunga mzee mdomo. Baba mkwe akisimama kumtetea mkamwana, watu wataulizana kwa nini anamtetea hivyo. Akinyamaza, Momanyi anaita wazee wa ukoo na Kemunto anaondolewa. Alichokosa Momanyi ni kitu cha kuwaonyesha wazee. Picha moja tu ingetosha.

Siku ilifika. Mvua ilikuwa imekaa juu ya ukingo wa milima tangu saa saba, nami nilikuwa nikiichungulia kila dakika. Walinzi waliigiza, madereva waliruka wakiwa na njaa, ofisi waliimba wimbo wao ule ule wa kila mwaka. Kila kitu kilikwenda vizuri kiasi cha kunitia wasiwasi zaidi. Halafu Deno akapanda na ndoo.

"Wasee, ni saa ya harusi! Bwana harusi ni yule amekalia kiti hii!"

Akasoma nambari. Mzee Mogaka akainama, akapapasa chini ya kiti chake, akatoa karatasi na kuisogeza mbali na macho ili aisome. Ukumbi ulilipuka. "Mzee wa boila! Mzee wa boila!" Vijana wake wakamwinua, wakamvisha koti jeusi lisilomtosha, wakampandisha. Alikuwa anacheka, mzee wa watu, kwa sababu siku ilikuwa yake. Hata mimi nilicheka. Nilijisemea, bibi harusi sasa atoke mhasibu, tumalize.

Deno akaingiza mkono tena, akasoma. Kule nyuma, kwenye kundi la wachambuaji, wasichana wakapiga vigelegele na kumsukuma mtu mbele. Wengi wao walikuwa wapya, wametoka Kisii mjini na kwingine, hawakujua lolote. Walikuwa wamemfikisha nusu ya ukumbi kabla hajaelewa anapelekwa wapi. Alikuwa Kemunto.

Sijawahi kusikia ukumbi ukigawanyika namna ile. Nusu wanashangilia, wanapiga viti. Nusu nyingine, watu wa Gesima wenyewe, wamekaa kimya wakiangalia magoti yao. Jukwaani Mzee Mogaka alikuwa amemwona. Kicheko kilikauka usoni mwake, akageuka akatazama ukutani. Nikamtafuta Momanyi kwa macho. Alikuwa amepanda juu ya kiti, simu imeinuliwa, anarekodi. Hakuwa anacheka.

Najua mtaniuliza kwa nini sikunyakua maiki niseme hawa ni mtu na mkamwana wake. Fikirini vizuri. Nikiyasema hayo kwenye spika, nimewataja wawili hao pamoja na harusi kwa mdomo wangu, mbele ya watu wote, na mbele ya ile simu. Maneno yenyewe yangekuwa ndiyo picha. Kemunto akikimbia, Momanyi angesema ana nini cha kuficha. Akipanda akavishwa shela kando ya baba mkwe wake, basi amekwisha, na wazee wangeitwa kesho yake. Kila mlango niliouona ulikuwa unafungwa.

Nilimpungia Deno mkono kutoka kando. Akadhani namharakisha.

"Tulia, mathee, bado tuko na muda," akaniambia nje ya maiki, akifungua leso nyeupe tuliyoifanya shela.

Kemunto alikuwa amefika chini ya ngazi, wenzake wamemshika mikono pande zote. Akaniona. Alijaribu kuivuta mikono yake, hawakumwachia.

Nilikimbia nyuma ya turubai.

"Kerubo, pandeni!"

"Tuimbe gani?" Alikuwa na ndizi mkononi.

"Yoyote! Simameni katikati tu, katikati!"

Akachungulia jukwaani. Akamwona mzee amegeukia ukuta, akamwona Kemunto na wale wasichana, akaona leso nyeupe. Akaitupa ndizi.

"Mama yangu," alisema polepole. Halafu, kwa sauti ya kituo cha majani: "Akina mama, vikapu mgongoni!"

Walipanda kwa ngazi ya nyuma wakiwa wameshaanza kuimba, na walipanda kama wanavyopanda siku zote, bila haraka, bila kutingisha chochote. Wakajipanga bega kwa bega kutoka mbele ya jukwaa hadi nyuma, katikati kabisa, vikapu vyao vikubwa vikijaza kila nafasi. Mzee Mogaka alibaki upande wa kulia. Kemunto, ambaye wenzake walikuwa wamemsukuma juu wakati ule ule, alijikuta upande wa kushoto. Hakuna aliyeweza kumwona mwenzake hata unywele. Ule ua wa nguzo niliokuwa nikiulalamikia miaka yote, siku hiyo nilitaka kuubusu.

Nikamwona Kerubo akimnong'oneza Deno. Sura ya yule kijana ilibadilika, meno yote yakapotea. Kisha akaitupa leso nyuma ya spika na kuinua maiki.

"Wasee, harusi hakuna tena! Akina mama wameteka bwana harusi!"

Ukumbi ukacheka, nusu zote mbili. Nikashukuru Mungu, nikamshukuru na Deno. Mkitafuta mshereheshaji, tafuteni anayeweza kuangusha kitu alichokishika bila kuuliza maswali.

Ingekuwa vyema ingeishia hapo. Nilikuwa nawaonyesha kwa ishara waimbe wimbo mmoja washuke. Kerubo hakuniangalia. Aliishusha kwaya ikawa ya kuguna tu, akamgeukia mzee na kuimba swali, akimwita tata, yaani baba, kama wanavyoimba kwenye kuaga watu kanisani.

"Tata, unaondoka kazini. Boila unaachia nani?"

Deno akampelekea mzee maiki. Mzee, bado ameangalia ukuta, akacheza nao.

"Naachia hao vijana. Waambieni kuni mbichi haiwezi kupika chai."

Kwaya ikarudia kwa wimbo, kuni mbichi haiwezi, na watu wa boila wakapiga miluzi.

"Tata, kofia yako ya moshi unaachia nani?"

"Meneja. Yeye hajawahi kuona moshi."

Meneja mwenyewe alicheka mpaka akafuta macho. Nikaanza kupumua. Ndipo Kerubo akauliza la tatu, ambalo hakuna aliyempa.

"Tata, na nyumbani? Nyumbani unaachia nani?"

Niliuma leso yangu. Momanyi alikuwa bado juu ya kiti, simu imeelekezwa kwa baba yake. Juu ya paa matone ya kwanza yakaanza, moja moja, kama mtu anayerusha punje. Nilijua mvua ikishuka kabla mzee hajajibu hakuna atakayesikia, na sikujua kama nataka asikike.

Mzee Mogaka alivua lile koti jeusi. Akalikunja, akaliweka sakafuni. Hakugeuka.

"Ambieni yule ako upande huo ingine," alisema.

Kwaya ikaguna.

"Ambieni yeye, ile nyumba kijana yangu alimjengea ni yake."

Kerubo akayachukua, kwaya yote ikayabeba kuelekea upande wa kushoto: nyumba ni yake, nyumba ni yake.

"Ile majani iko chini ya nyumba, ni yake na mtoto."

Wakayaimba hayo pia, kwa sauti kubwa zaidi, kwa sababu mvua ilikuwa imeshika kasi.

"Mimi nimekula kwa mkono yake tangu mama yao akufe. Hajanikosea hata siku moja. Mtu anataka kumtoa, aanze na kutoa mimi."

Hayo waliyaimba mara nyingi. Mabati yalikuwa yanapiga kelele, nao wakayashinda mabati. Akina mama wale wasiotingisha bega walikuwa wanalia wakiimba, wima, mikono chini, na ukumbi mzima ukawa umesimama bila kuambiwa.

Upande wa kushoto Kemunto alikuwa amejifunika uso kwa aproni yake ya kiwanda. Deno akamsogezea maiki, kisha akafikiri, akairudisha, akampa mama wa mwisho kwenye mstari. Kijana alikuwa amejifunza haraka. Kemunto akamwambia yule mama sikioni, naye akamwambia aliyefuata, likapita hivyo bega kwa bega mpaka kwa Kerubo, na Kerubo akaliimba.

"Tata, anasema hii chupa ataendelea kujaza, hata kama huendi kazi."

Mzee Mogaka akatikisa kichwa kukubali, akiangalia ukuta. Kisha akashuka kwa ngazi ya kulia, na Kemunto akashuka kwa ngazi ya kushoto.

Momanyi alishuka kutoka kwenye kiti. Watu waliokuwa karibu naye walinisimulia baadaye jinsi alivyokuwa anaiangalia simu yake kama imemuuma. Tangu bibi harusi alipoitwa alikuwa akituma vipande vya video, kimoja baada ya kingine, kwenye kundi la wasap la ukoo, ili wazee waione aibu ikitokea. Wazee waliona, ndiyo. Waliona mzee ametazama ukuta na ukuta wa wanawake katikati, wakasikia kila neno, mara mbili, la mzee na la kwaya. Kila boma la ukoo lilikuwa nayo kabla hatujamaliza kupakua wali. Habari ya kuita wazee haikusikika tena.

Nilimkuta Kerubo nyuma ya turubai akitafuta ndizi yake. Nikamgombeza. Nilimwambia angeweza kumuua mzee kwa swali lile, na mimi pia.

"Kwani nani mwingine angeuliza?" akasema. "Kijana yake hawezi kuuliza. Mkamwana hawezi kuuliza. Hata mchungaji wao ameogopa. Nikaona tuko kwa mchezo, mchezo inaruhusiwa."

Nimekaa na jibu hilo miaka hii yote. Mimi nilifanya kazi yangu nikiamini kupanga onyesho ni kuzuia watu wasikutane. Kerubo aliona kwamba wanaweza kukutana, mradi umewasimamishia kitu cha heshima katikati. Sina hakika ningethubutu. Nawaambia hivi ili msidhani nilikuwa na akili zote.

Basi pangeni karamu yenu. Wekeni ndoo kama mnataka, lakini kabla ya kutia majina zungukeni mkaulize lile swali langu, na mkicheka mkiuliza, ulizeni tena bila kucheka. Angalieni mlima. Wekeni akiba nyuma ya pazia na muipe chakula, akiba yenye njaa huondoka. Na ogopeni kidogo. Nyinyi mnaona ni muziki, kumbe kila aliyeketi pale amekuja na boma lake lote.

Mwezi uliopita nilikuwa Gesima kwa mazishi, nikapitia kumsalimu Mzee Mogaka. Tulikaa uani. Nyumba ya Kemunto imepakwa rangi, na mzee hajawahi kuingia humo hadi leo. Tulisikia mlango wa kule ukifunguka, hatua zikaja hadi nyuma ya migomba, kitu kikawekwa juu ya meza ya nje, hatua zikaondoka. Mzee alingoja mpaka zikaisha kabisa. Akainuka, akarudi na ile chupa ya bluu, akanimiminia mimi kwanza.

"Onja, Madam," alisema. "Hajapunguza maziwa."